Iko Bien Kidogo

Mwandiko wa Edith Mwenze ulikuwa mzuri kupita kiasi, na shida yote ilianzia hapo. Usicheke. Wako watu wanaopotezwa na pombe, wako wanaopotezwa na ulimi. Huyu mama alipotezwa na kalamu, tena kalamu ya buluu ya kawaida, ya kununua kwenye duka lolote la Kampemba, Lubumbashi.

Alirithi kwa baba yake. Muzee Mwenze alikuwa mkuu wa kituo kidogo cha reli kule kaskazini ya Katanga, kituo ambacho treni ilipita ikitaka, na siku isipopita aliandika kwamba haikupita. Jioni alimwita binti yake aone kitabu cha kituo: hakina doa, hakina neno lililofutwa. "Kitabu kikiwa safi, wakubwa hawakuulizi mengi," alimwambia. Alisema kwa nia njema, maana alikuwa mtu mwema wa kanisa na asubuhi zote alimwachia mtoto kipande kikubwa cha muhogo. Lakini lile neno lilikaa kichwani mwa mtoto miaka arobaini.

Masista walimaliza kazi. Edith alitoka shuleni kwao akiandika herufi zinazofanana kama mapacha, akaolewa na Léonard, mwalimu, wakajenga nyumba mtaa wa Bel-Air, wakazaa, watoto wakaondoka. Ndipo akapata kazi kwenye kampuni ya ndege za kukodi ya Monsieur Kapya, ambaye wote walimwita Patron. Usifikirie ndege kubwa. Zilikuwa mbili tu, ndogo, kwenye hangari ya mabati pembeni ya uwanja. Zilipeleka watu na mizigo mahali ambapo barabara imeliwa na mvua. Ukienda Mitwaba kwa gari wakati wa masika unaweza kulala njiani siku nne. Kwa ndege ya Patron ilikuwa muda wa misa ya Jumapili isiyo na ubatizo.

Kazi ya Edith ilikuwa kutia propre. Kila mtu aliyesoma Kongo anajua mambo hayo. Mtoto anaandika kwanza kwenye brouillon, daftari la fujo, anafuta, anachora, anakosea. Halafu anatia propre, yaani ananakili kwenye daftari safi, kwa Kifaransa kilichovaa suti, mwalimu aone. Mchezo huo wa shule ndio ulikuwa kazi ya mama huyu, na watu walikuwa wanapanda angani juu yake.

Fundi wa ndege alikuwa Muzee Adalbert, miaka sitini na tatu, mtoto wa mfanyakazi wa mgodi. Ufundi aliujua kwa vidole na kwa sikio. Kifaransa kilimchosha. Kwa hiyo ndege ikirudi aliikagua, kisha akaandika kwenye kaye yake, ndivyo tunavyoita daftari, kwa Kiswahili cha nyumbani, na dole gumba la mafuta likabaki pembeni ya ukurasa. Kwa kila kifaa alikuwa na jibu moja kati ya matatu. Iko bien. Iko mubaya. Na katikati: iko bien kidogo.

Mgeni anaweza kudhani bien kidogo ni bien, ila imepungua. Thubutu. Mtu wa Lubumbashi akikwambia bukari yako, yaani ugali, iko bien kidogo, ujue hatamaliza sahani.

Sasa tatizo. Kitabu kikubwa cha matengenezo, kile chenye jalada gumu ambacho rubani anasoma na serikali inakagua, kilikuwa na safu mbili: bon na mauvais, yaani nzuri na mbaya. Ukiweka mauvais, ndege hairuki. Ukiweka bon, unamalizia kwa RAS, herufi tatu ambazo kwa Kifaransa maana yake ni kwamba hakuna la kutaja. Pembeni kulikuwa na nafasi nyembamba ya maelezo, ya kutosha maneno manne ukibana herufi. Edith hakupenda kubana herufi. Alipofika kwenye bien kidogo aliandika bon, RAS, na kidogo ikabaki kwenye brouillon. Mara ya kwanza ilimsumbua, akamwuliza Patron afanye nini. "Mama, tia propre tu," Patron alisema bila kuinua macho. Mara ya mia haikumsumbua tena. Mazoea yana taabu.

Adalbert alikuja saa kumi kila siku kutia sahihi chini ya ukurasa. Hakusoma. "Ntasoma nini mule?" alisema. "Kitabu ya Mama Edith haikoseake."

Na miaka kumi na moja ndege hazikupata neno. Unajua kwa nini? Si kitabu kilichozishika angani. Muzee Adalbert alikuwa na mdomo. Kila asubuhi alisimama chini ya bawa na kikombe chake cha chai, rubani akija anamwambia: ile mlango uifunge mara mbili, ile freni, yaani breki, uikanyage mapema. Kidogo zote ambazo Edith aliziacha kwenye brouillon, yule mzee alizibeba kinywani na kuzikabidhi kwa mkono. Hakuna aliyeliona hilo, hata yeye mwenyewe.

Ijumaa moja ya masika, ndugu mkubwa wa Adalbert alikufa Likasi. Mzee alimaliza ukaguzi, akaandika kaye yake, akatia sahihi kwenye kitabu, akaenda kwenye kilio. Patron alimpa siku nne, na hilo lilikuwa jambo la utu.

Jumatatu asubuhi rubani alifika kupeleka watu wawili na magunia Mitwaba. Jina lake Guelor, miaka thelathini na minne, mpole, mwenye mzaha. Alimwita Edith Mama Propre, na kila akirudi kutoka kaskazini alimletea asali kwenye chupa ya soda. Alichungulia chini ya bawa, hakumwona mzee, akaingia ofisini.

"Mama Propre, muzee haiko? Ndege iko namna gani?"

Edith alikuwa anapiga mstari kwa rula. Alifungua kitabu, akamgeuzia aone mwenyewe.

"RAS, mutoto wangu."

"Hata freni? Nilimwambia inavuta upande."

"Soma. Iko bien."

Guelor alisoma, akacheka, akasema kitabu hiki kingefaa kuwekwa kwenye fremu. Akaenda. Kwenye lami ya Lubumbashi freni zilishika. Mitwaba mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, na uwanja wa kule ni udongo. Aliposhuka akakanyaga, ya kulia ilishika na ya kushoto haikushika. Ndege iligeuka kulia, ikatoka uwanjani, ikaingia kwenye miti. Abiria wawili walitoka, mmoja na mkono uliovunjika, mwingine na mbavu. Guelor hakutoka.

Simu ilifika saa nne na nusu. Patron aliinama mezani, akalia kama mtoto, na namheshimu kwa hilo. Edith alisimama, akamletea maji, akarudi kwenye kiti chake. Alisubiri uchungu uje. Haukuja. Alipanga kalamu zake kwenye kopo, zote kofia juu. Kisha akavuta kaye ya Adalbert, akafungua ukurasa wa Ijumaa. Mstari wa sita: *Freni ya kushoto iko bien kidogo.* Na dole gumba pembeni.

Aliifunga. Alijua basi. Tangu saa ile alijua, na asije mtu akakwambia hakujua. Ila kujua kwenyewe kulikaa mbali, kama redio inayolia kwa jirani.

Kwenye kilio cha Guelor wanawake walilia, wakaimba, wakaanguka. Edith alikaa kwenye mkeka, macho makavu, akimenya vitunguu vya watu mia mbili. Waliomjua walipita na kumgusa bega. "Mama Edith, uko namna gani?" Akajibu kila mmoja: "Bien kidogo." Aliona aibu kwamba hata machozi ya adabu hayakumjia. Siku ya tatu mjane alimwita ndani. Princesse alikuwa mwembamba, amefungwa kitambaa kichwani, na sauti imekwisha.

"Mama, niambie weye. Batu banasema mingi. Ndege ilikuwa bien?"

"Kitabu inasema ilikuwa bien," Edith alisema.

Princesse akaitikia kwa kichwa, akamshukuru. Akamshukuru, unasikia? Edith akarudi kwenye vitunguu.

Baada ya wiki Patron alimwita. Alifunga mlango, akamwekea kiti yeye mwenyewe.

"Mama, mukaguzi wa Kinshasa atafika kisha siku nane. Kitabu yetu iko propre, namushukuru Mungu. Kwa kitabu, freni ilikuwa bon, na sahihi iko ya Adalbert."

"Ndiyo, Patron."

"Mukaguzi atasema fundi hakuona, ao aliona akanyamaza. Ni maneno ya fundi na serikali. Kampuni itabakia." Akavuta kiti chake karibu. "Ile kaye ya brouillon, iko wapi?"

"Iko kwangu."

"Ile haiko document, mama. Ni bikaratasi. Kwa nyumba beko banawashaka moto ya mbabula na bikaratasi, haiko vile? Maji ikishamwangika, hauizoi tena. Weye uko na mwaka mbili tu, uingie pansioni. Ufikirie Monsieur Léonard, na presha yake."

Hakumtisha. Angemtisha, pengine mama angekasirika, na hasira ingemwamsha. Patron alizungumza taratibu, kama mtu anayemsaidia mgonjwa kuvaa koti. Edith alitia kaye kwenye mfuko wake wa sokoni, juu ya nyanya, akaenda nayo Bel-Air.

Siku mbili baadaye, mchana, Muzee Adalbert alibisha hodi nyumbani kwake. Alikuwa amenyolewa kwa ajili ya ndugu yake, na kichwa kile cheupe kilimfanya aonekane mdogo. Alikataa soda. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Mama Edith, sikuje kukusumbua. Nilitaka kuuliza kintu moja. Ile siku ya Ijumaa, mi nilikuwa na kichwa ya ndugu yangu, nilikuwa nafanya mbio. Freni ya kushoto... mi najiona niliandika 'bien kidogo'. Najiona na kalamu. Lakini banasema kwa kitabu iko bon. Na kitabu yako haikoseake. Basi niko najiuliza, nilisahau? Mama, nilisahau?"

Hapo ndipo pabaya pa hadithi hii, na mimi kila nikiisimulia napaona pabaya zaidi ya ile miti ya Mitwaba. Kaye ilikuwa kabatini, hatua tatu kutoka kwenye kiti chake. Mzee hakuja kuomba aepushwe jela. Alikuja kuulizia akili yake, kama mtu anayeulizia mbuzi kwa jirani.

"Ntaangalia, muzee," Edith alisema.

"Uangalie, mama. Kama nilisahau, nitasema nilisahau. Guelor alikuwa sawa mutoto wangu."

Akaondoka na mwendo wake wa polepole. Edith alimsindikiza mpaka kwenye lango kama desturi inavyotaka, akarudi, akatoa nje mbabula, lile jiko dogo, akaweka makaa. Kisha akatoa ile kaye.

Alichana ukurasa wa kwanza, wa mwezi wa kwanza. Akauwasha. Ulishika haraka kwa sababu ya mafuta. Akachana wa pili. Léonard, aliyekuwa amekaa kivulini na kofia usoni, aliuliza anawashia nini. "Makaratasi," alisema. Aliposhika ukurasa wa tatu, akausoma. Ni mazoea tu: mikono yake haikujua kuchana ukurasa bila kuusoma. *Mulango wa nyuma iko bien kidogo. Gurudumu ya mbele iko bien kidogo.* Akasoma unaofuata. Akakaa chini, kwenye kigoda, akasoma kaye nzima hadi ule wa Ijumaa, na kila ukurasa aliona pia ukurasa wake mwenyewe, ule mzuri, uliolala juu ya huu kama shuka safi juu ya godoro bovu. Makaa yalikolea, yakafanya majivu, bukari haikupikwa. Bado hakulia. Lakini alikuwa ameanza kuhisi baridi mikononi, mbele ya moto, na hilo lilimshangaza.

"Edith," Léonard alisema, "leo tutakula nini?"

"Mikate," alisema, akaingia na kaye ndani.

Mkaguzi alifika na mkoba na miwani, mtu wa Kinshasa, mwenye adabu, Kifaransa na Lingala, Kiswahili hapana. Walikaa ofisini: yeye, karani wake aliyeandika, Patron, Adalbert, na Edith kwenye meza yake ya siku zote. Mkaguzi alifungua kitabu kikubwa na, naapa, kitu cha kwanza alichosema ni kwamba hajaona kitabu kilichotunzwa hivi katika nchi nzima. Patron akatabasamu. Edith hakusikia fahari yoyote. Zamani angeishi juu ya neno hilo mwaka mzima.

Kisha akamwuliza Adalbert: freni ya kushoto, Ijumaa, uliionaje? Karani, mtoto wa Likasi, akatafsiri.

Mzee alisimama. Alikuwa na kofia mkononi.

"Mi nilifikiri niliandika kama haiko bien sana," alisema. "Lakini kitabu inasema bon, na ile kitabu haikoseake. Mi niko muzee. Nilisahau. Andika: nilisahau."

Karani akatafsiri. Mkaguzi akaanza kuandika. Edith alisikia kalamu yake ikikwaruza, na akajua kwamba ikimaliza mstari ule mambo yamekwisha, mzee ataenda jela akiwa anaamini ni haki yake.

"Hakusahau," alisema.

Alitoa kaye kwenye mfuko wa sokoni, akaiweka mezani, wazi, mstari wa sita. Patron aliinamisha kichwa. Mkaguzi aliusoma kwa kidole, akamgeukia karani: hili neno kidogo ni nini? Karani akasema ni *un peu*. Mkaguzi akavuta midomo, akafikiri, akaonekana kuridhika. Bien, un peu, akasema. Basi ni bien. Si bien sana, lakini bien. Kitabu na daftari vinasema jambo moja, madame, sioni tofauti.

Naomba uelewe alichofunguliwa hapo. Mlango mzima. Kaye imeonekana, hakuna aliyeificha, na neno lenyewe limejiokoa kwa ujinga wa mgeni. Patron aliinua macho, akamtazama kwa kumwomba. Angenyamaza tu, Edith. Kunyamaza alikujua.

"Hapana, Monsieur," alisema, kwa Kifaransa chake cha masista. "Hapa kwetu, mtu akiwa na maiti ndani ya nyumba, ukimwuliza habari yake, anakujibu bien kidogo. Maana yake ndiyo hiyo."

Mkaguzi alivua miwani.

"Na wewe, madame, ulijua hivyo ulipoandika bon?"

"Nilijua."

"Kifaransa chake hakikuwepo?"

"Kilikuwepo. Freine mal, à surveiller," akasema, yaani haishiki vizuri, iangaliwe. "Maneno manne, na nafasi iko pale pembeni." Akaonyesha kwa kidole ile nafasi nyembamba, nyeupe, tupu kuanzia juu hadi chini ya ukurasa. "Ningebana herufi. Ukurasa ungekuwa mbaya. Rubani aliniuliza kwa mdomo pia, nikamwambia asome."

Karani aliacha kuandika, mpaka mkaguzi akagonga meza. Jina kamili, akasema. Edith Mwenze. Anwani. Bel-Air, Kampemba. Utaitwa kwa mwendesha mashtaka, madame, usitoke mjini. Akasema ndiyo. Patron alitoka nje. Kitabu kikubwa na kaye vikafungwa kamba pamoja, kimoja juu ya kingine, vikaingia kwenye mkoba.

Ila kabla havijafungwa, Muzee Adalbert aliomba aone. Aliinama juu ya kaye, akaweka dole gumba lake juu ya lile dole la mafuta pembeni. Yalitoshana.

"Basi niliandika," alisema, polepole.

Walitoka pamoja mpaka kwenye hangari. Ile ndege iliyobaki ilikuwa imesimama, na chini ya bawa lake hapakuwa na mtu. Edith alimngoja mzee aseme. Alimngoja amtukane, au apite. Alikuwa tayari kwa yote mawili, na yote mawili yangekuwa rahisi. Mzee alivaa kofia yake, akamtazama vizuri usoni, kama anavyotazama kifaa kabla ya kukiandika.

"Na weye, Mama Edith," akauliza, "uko namna gani?"

Akafungua mdomo kujibu kama siku zote, na neno halikutoka. Akashika ukingo wa bawa.

"Siko bien, muzee," alisema. "Siko bien hata kidogo."